Maswali ya Wasomaji: Kuhamisha makala za makundi ya habari kwenda seva mpya

SWALI: Mhariri, ninasimamia seva ya makundi ya habari (majukwaa ya majadiliano ya mtandaoni, kama ya Usenet) inayotumia programu ya INN. Mashine yenyewe imechakaa, nasi tumekwisha kuandaa nyingine. Nilianza kuhamisha makala zetu za miaka mingi kwa amri ya IHAVE, ambayo seva moja huitumia kuikabidhi nyingine makala, lakini karibu zote zilikataliwa kwa msimbo 437, isipokuwa zile za siku chache zilizopita. Nikagundua kwamba seva mpya hukataa makala za zamani, nikarekebisha mpangilio huo na kuanza upya. Safari hii zinakataliwa kwa msimbo 435, ingawa makundi yenyewe bado ni karibu matupu. Nimekosea wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, ulichorekebisha ndicho hasa kilichostahili kurekebishwa, ila ulichelewa kidogo. Katika faili la mipangilio la inn.conf kuna kipengele kiitwacho artcutoff, ambacho kwa kawaida ni siku 10, na makala yoyote yenye tarehe iliyopita kikomo hicho hukataliwa. Ukikiweka 0, ukaguzi huo huondolewa. Lakini INN pia ina kipengele cha remembertrash, ambacho huwa kimewashwa tangu mwanzo, na kazi yake ni kuandika katika faili la historia vitambulisho vya makala zilizokataliwa ili zisipokewe bure zikiletwa tena. Kwa hiyo jaribio lako la kwanza liliijaza historia vitambulisho vya makala ambazo seva haina, na katika jaribio la pili seva inajibu 435, yaani haiitaki makala hiyo, kwa kuwa inaamini imekwisha kuiona.

Simamisha seva mpya, kisha ijenge upya historia kwa programu ya makehistory, ambayo huorodhesha makala zilizomo ghalani peke yake, na umalizie kwa makedbz ili fahirisi zake zitengenezwe. Vitambulisho vya zilizokataliwa vitatoweka. Kabla ya kuiwasha tena, hakikisha artcutoff ni 0 na remembertrash imezimwa, ili kosa lolote litakalojitokeza baadaye liweze kusahihishwa bila kurudia kazi hii.

Nakupongeza kwa kuchagua IHAVE badala ya POST. Amri hiyo, iliyokuwemo katika itifaki ya NNTP (kanuni za mawasiliano ya seva hizi) tangu ilipotangazwa mwaka 1986, hupeleka makala kama ilivyo kutoka seva moja hadi nyingine, ilhali POST ni ya mtu anayeandika makala mpya: seva huikagua na kuiongezea vichwa (mistari ya maelezo juu ya makala) kana kwamba imeandikwa leo, na ikiwa ni ya kundi lenye msimamizi, huielekeza kwa msimamizi huyo badala ya kuiweka kundini. Makala za watu zinastahili kufika na tarehe zao na vitambulisho vyao bila kuguswa hata herufi moja. Kwa wingi ulio nao, tumia programu ya innxmit, ambayo husoma orodha ya makala na kuzituma mfululizo kwa amri za CHECK na TAKETHIS, bila kusubiri jibu la moja ndipo itume nyingine.

Kuna jambo ambalo hukuliuliza, nami naliona zito kuliko hilo la msimbo. Makala hutambulika duniani kote kwa kitambulisho chake, yaani Message-ID, lakini namba yake ndani ya kundi hutolewa na kila seva kivyake. Programu za wasomaji hukumbuka walichosoma kwa namba hizo, si kwa vitambulisho. Seva mpya ikianza kuhesabu kutoka 1, msomaji aliyekwisha kusoma hadi makala ya 48,000 hataonyeshwa makala mpya hata moja mpaka hesabu imfikie, naye atadhani kundi limekufa. Ili kuzuia hilo, washa kipengele cha xrefslave kwenye seva mpya kwa muda wa uhamisho; seva itasoma kichwa cha Xref, chenye namba za makala, kilichoandikwa na seva ya zamani na kutoa namba zilezile. Iwapo hilo haliwezekani, tuma makala kwa mpangilio wa namba zao za zamani, kuanzia ndogo, na uwatangazie wasomaji mapema kwamba watalazimika kufuta kumbukumbu zao za usomaji.

Unda makundi yote kabla ya kutuma makala ya kwanza. Makala iliyotumwa kwa makundi mawili huhifadhiwa mara moja tu, na ikifika wakati kundi la pili halijaundwa, itawekwa katika la kwanza peke yake. Ukiileta tena baadaye itakataliwa, na kundi la pili litabaki na pengo. Funga pia milango ya kutoka katika faili la newsfeeds, linalopanga seva zipi zitumiwe makala, maana seva jirani zisizokumbuka tena vitambulisho hivyo zinaweza kuzipokea makala zako za miaka iliyopita kama mpya. Usiyahamishe makundi ya control, yanayohifadhi amri za usimamizi: amri za zamani za kufuta makala au kuondoa makundi zinaweza kutekelezwa upya. Na kabla ya kazi ya usiku ya expire, inayofuta makala za zamani, kufika, rekebisha faili lake la expire.ctl ili isifute unachokijaza mchana.

Katika kuhakiki, usitegemee idadi ya makala za kundi inayotolewa na amri ya GROUP, kwa kuwa itifaki inaruhusu iwe makadirio. Kusanya Message-ID za kila kundi kwenye seva zote mbili, uzipange, kisha ulinganishe orodha hizo. Zikilingana, zima xrefslave, rudisha artcutoff na remembertrash kama zilivyokuwa, ndipo ufungue milango ya kutoka.

SWALI: Seva yenye makala tunazozihitaji si yetu, mwenyewe ameturidhia tuzinakili, lakini tumepewa ruhusa ya kusoma tu. Je, tutaweza kuzihamisha?

JIBU: Mtaweza. INN huja na programu ya pullnews, ambayo huingia kwenye seva ya mbali kama msomaji wa kawaida, huchukua makala moja baada ya nyingine na kuzikabidhi kwa seva yenu. Huweka kumbukumbu ya namba iliyofikia katika kila kundi, hivyo mawasiliano yakikatika itaendelea palepale ilipoachia. Maelekezo niliyoyatoa hapo juu kuhusu artcutoff, remembertrash na kuunda makundi mapema yanawahusu ninyi pia. Chukueni kundi moja dogo kwanza, mlihakiki, halafu mwendelee na mengine kwa mwendo usioielemea seva ya mwenzenu.