Wateja wote wa poti moja wanakatika? Mtafute anayeongea nje ya zamu

Juzi dogo mmoja fundi wa faiba kaniandikia inbox, ana poti moja kwenye OLT, yaani mashine ya kampuni inayorusha neti kwa mwanga, na wateja wote wa poti hiyo wanakatika kwa pamoja, bosi kashaagiza moduli mpya (kile kifaa cha kurusha mwanga kinachochomekwa kwenye poti), afanyeje. Nikamjibu kirefu halafu nikaona niweke hapa maana najua mpo wengi mnaotaka kuwa mafundi wa kuaminika, sio wa kuvuta waya tu.

Laini ya GPON, yaani neti ya faiba ambayo poti moja inagawiwa wateja wengi, ni ya watu wengi. Kushuka, mwanga unatoka OLT kwa nanomita 1490, unagawanywa kwenye splita, yaani kigawa mwanga, na kila ONU, kile kiboksi cha faiba kwa mteja, inachukua cha kwake. Kupanda, wote wanarudi kwa nanomita 1310 kwenye uzi ule ule mmoja, ndo maana OLT inawapa zamu. Ni kama kikao, akitokea mmoja asiyenyamaza hakuna atakayesikika hata kama sauti yake ni ndogo.

Mimi hili lilinikuta Tabata nikiwa nimeajiriwa. Kila ikifika jioni taa ya LOS (ya kuonya mwanga umepotea) kwa wateja haiwaki kabisa, mwanga wa kushuka upo vizuri, ila taa ya PON (ya kuonyesha ONU imeshikana na OLT) inapepesa tu na neti hamna. Ofisini wakasema wateja wanadownload sana usiku. Moduli ikabadilishwa, ikaja kadi nyingine, jioni ikifika yale yale, mimi nasema tatizo liko upande wa wateja naambiwa niendelee kuvuta waya.

Nikaenda mwenyewe kwenye boksi la splita jioni na mita ya pawa, nimeiweka 1310. Nachomoa mguu mmoja mmoja, yaani waya wa kila mteja, naupima mwanga unaotoka kwa mteja. ONU isiyo na hitilafu ukiikatia mwanga wa OLT inanyamaza, haina ruhusa ya kurusha, kwa hiyo mita inaandika Lo, yaani hakuna mwanga. Lo, Lo, Lo, halafu mguu mmoja ukaniandikia -6, yaani mwanga upo, na namba imetulia haichezi. Nikaurudisha ule mguu kidogo, wateja wakaanguka, nikauchomoa, wakapanda.

Nikaufuata ule waya mpaka kibanda cha pleisteshen cha mzee mmoja. ONU yake ilikufa, jamaa yake akamuuzia midia konveta (kifaa cha kubadili neti ya waya wa kawaida kuwa mwanga) akamwambia itashika neti, konekta ya bluu imeshindiliwa kwenye adapta ya kijani. Midia konveta haijui zamu, ikipata umeme inarusha mwanga muda wote. Na yule mzee alikuwa anaiwasha kila jioni akifungua kibanda, anasubiri neti irudi. Hakuwa na ubaya wowote, alikuwa ameripoti laini yake na hakuna aliyeenda.

Ripoti ikaandikwa poti imerekebishwa, kwa jina la msimamizi. Mpaka leo inaniuma, sitaficha.

Sasa wadogo zangu, pimeni. Kabla hujaomba kifaa kipya pima, ukimaliza kumfungia mteja pima na uandike, mwezi ujao akilalamika una cha kulinganisha. Splita ya 1:32 peke yake inakula kama desibeli 17 za mwanga, na kwenye GPON ya daraja B+ (kiwango cha nguvu ya vifaa) bajeti nzima ya mwanga unaoruhusiwa kupotea njiani ni 28, zilizobaki ndo za waya, splaisi (maungio ya faiba) na konekta zote, halafu mtu anachomeka konekta yenye vumbi la barabarani bila kuifuta! Futa kila mara, hata ile mpya ya kwenye mfuko. Kijani kwa kijani, bluu kwenye kijani nyuso hazikutani vizuri, unapoteza pawa na mwanga unarudi nyuma. Na acheni kuviringisha waya kwa hasira nyuma ya TV, faiba ya kawaida ya G.652 usiipinde chini ya nusu kipenyo cha milimita 30, kama lazima ipite kona kali tumia faiba ya aina ya G.657A2 inayovumilia mpaka milimita 7.5.

Kingine ni lebo. Pale Tabata miguu ya splita haikuwa na jina hata moja, ndo maana nilitembea na waya gizani nyumba kwa nyumba. Andika namba ya mteja kwenye kila mguu siku unayofunga, na mteja akirudisha ONU au akihama mguu wake uchomoe siku hiyo hiyo uuzibe kifuniko, usiuache unaning'inia ndani kwa mtu ambaye kesho ataletewa kifaa usichokijua.