Kuhusu sikio lako la kushoto

Mwanangu, meseji yako nimeisoma mara tatu. Unauliza kwanini ulipokuwa mdogo vipimo vilisema masikio mazima wakati penye kelele ulikuwa unapoteza maneno, hasa ya sikio la kushoto, na je macho nayo yako hivyohivyo.

Kile kipimo cha kwanza kilikuwa kinaangalia kama mlio unaingia, basi. Shida yako ilikuwa huko mbele, kwenye ubongo. Kwa watu wengi lugha iko upande wa kushoto wa ubongo na njia ya sikio yenye nguvu ni ile inayovuka kwenda upande wa pili, sasa neno la sikio la kulia linafika moja kwa moja ila la kushoto linaanzia upande wa kulia halafu mpaka livuke daraja la mishipa ya fahamu lililo katikati. Mwanasaikolojia mmoja, Doreen Kimura, alilionyesha hilo 1961 kule Canada, mtu anavaa hedifoni anasomewa namba tofauti kila sikio kwa wakati mmoja, na wengi wakawa wanazipata zaidi za kulia. Watoto wote wako hivyo kiasi manake hilo daraja linakomaa taratibu mpaka ujanani, lakini kwa watoto wenye shida ya kuchakata sauti kama wewe pengo mara nyingi ni kubwa zaidi. Unakumbuka ile testi uliyolia? Za kulia unataja zote, za kushoto kimya, mi nimekaa pembeni nadhani umechoka tu.

Macho ni tofauti. Kila jicho linapeleka habari pande zote mbili za ubongo, kinachovuka ni nusu ya unachokiona, vya kushoto kwako vinaenda kulia. Na kitu kilichonigusa sana, viziwi wanaoongea kwa ishara lugha yao inaingia kwa macho lakini bado inategemea zaidi upande wa kushoto! Yaani ule upande ni wa lugha, siyo wa masikio. Ndo nikaelewa kwanini ulikuwa unanikodolea mdomo nikiongea, macho yalikuwa yanakusaidia kushika maneno.

Na mi nilikuwa nakugombeza eti husikilizi. Nisamehe mwanangu, ulikuwa unasikiliza kwa nguvu kuliko sisi wote.

Mjukuu wangu naye akianza "eti nini?" kila saa, mwambie mwalimu amkalishe mbele, na akifika miaka 7 hivi omba apimwe kwa maneno penye kelele, siyo milio peke yake.