Mtoto mwenye kipaji kwenye nyumba isiyomwelewa

Dada, umeuliza umsaidieje mtoto wa kaka yako, ana miaka 9, anajisomea hesabu za madarasa ya mbele ila kwao wanamwambia anajifanya mjuaji. Inaniuma sana hii, maana mi mwenyewe nilikua hivyo hivyo.

Kwanza usigombane na wazazi wake, ukiwashambulia wataona mtoto ndo kaleta fitina na atazidi kubanwa. Mara nyingi sio roho mbaya, maswali yanawachosha tu au wanaogopa kitu wasichokielewa. We kuwa yule mtu mmoja wa kumsikiliza, muulize leo umegundua nini halafu usikilize kweli sio huku unachezea simu, kwa sababu mtoto wa hivi akikosa kabisa wa kumsikiliza anajifunza kuficha akili yake, anaanza hata kukosea makusudi darasani ili asionekane tofauti, na hapo ndo pabaya.

Sophie Germain, mwanahesabu wa Ufaransa aliyezaliwa 1776, wazazi wake walimnyima moto na mishumaa usiku ili asisome, akawa anajifunika mablanketi anasoma kwa mishumaa aliyoificha. Mwishowe wakamwacha asome, na 1816 akashinda tuzo ya Akademia ya Sayansi ya Paris.

Ila usimwite jiniasi kila saa, sifia bidii yake, na acheze pia, bado ni mtoto huyo. Mwalimu wake unamfahamu? Kaongee naye wiki hii hii, wazazi wengi humsikiliza mwalimu kuliko shangazi.