Mkipewa kipande cha dakika mbili

Wadogo zangu mnaoanza kuigiza, kabla hamjanuna kwa kupewa kipande kidogo, itafuteni filamu ya The Straight Story ya mwaka 1999. Mzee asiyeweza tena kuendesha gari anatoka jimbo la Iowa hadi Wisconsin, Marekani, juu ya mashine ya kukatia majani, akamwone ndugu yake aliyepatwa na kiharusi. Hawajasemezana kwa miaka. Filamu nzima tunamngoja huyo ndugu, na anatokea mwishoni kabisa, akiigizwa na Mmarekani Harry Dean Stanton. Anakongoja kutoka ndani, wanakaa barazani, anaitazama ile mashine, anauliza swali moja, machozi yanamlengalenga. Basi. Ugomvi wote unauona ukiyeyuka usoni mwake.

Mimi nilipoanza nilipewa askari wa mlangoni. Nikakohoa, nikarekebisha kofia mara tatu, nikakunja uso ili nionekane. Kwenye uhariri wakanikata, ukabaki mkono wangu tu ukifungua geti. Iliniuma sana, lakini walikuwa sahihi. Nilikuwa namwibia mwenzangu onyesho lake.

Stanton aliambiwa mapema kwamba asijitutumue. Katikati ya miaka ya 1960 mwigizaji mwenzake Jack Nicholson aliandika filamu ya Ride in the Whirlwind, akampa nafasi ya mkuu wa majambazi, akamsihi asifanye chochote: nguo ndizo ziigize, yeye awe yeye tu. Msidhani huo ni uvivu. Kutulia mbele ya kamera huku unamsikiliza mwenzako kwa dhati ni kazi inayochosha kuliko kupiga kelele, na Stanton aliifanya miaka na miaka, katika tamthilia za televisheni kama Gunsmoke na katika filamu zaidi ya 100.

Nafasi yake kubwa ya kwanza, Travis wa Paris, Texas, ilitoka mwaka 1984 akiwa karibu kufikia miaka 58. Filamu hiyo ya mwongozaji Mjerumani Wim Wenders ilishinda tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa. Na hapo napo, kwa muda mrefu mwanzoni, Travis hasemi neno! Mtu aliyezoea kuwatazama wengine wakisema hakupungukiwa kitu.

Kwa hiyo mkifika lokesheni, ombeni maleba mapema. Vaeni viatu vya mtu mnayemwigiza, tembeeni navyo mpaka mvisahau miguuni, halafu kaeni karibu na yule mwenye maneno mengi, mmsikilize.