Nimefanikiwa, lakini moyo wangu umepoa kanisani

*Bwana Yesu asifiwe, Mama. Nina miaka 46, nimeolewa, nina watoto watatu, na ni Mlutheri tangu kuzaliwa. Nafanya biashara ya mchele hapa Morogoro. Nilianza na meza sokoni. Leo nina maduka mawili ya jumla na Fuso inayobeba mpunga kutoka Ifakara. Enzi za meza nilikuwa sikosi jumuiya, na nikiomba machozi yanatoka. Siku hizi nasali ibada ya kwanza ili niwahi dukani, na wakati wa mahubiri nasoma meseji za wateja chini ya kitenge. Jumuiyani natuma hela ya chai kwa simu. Jumapili ya mavuno nilinunua jogoo mnadani kwa laki tatu. Watu walipiga vigelegele, lakini nilirudi nyumbani moyo mtupu.*

*Sasa kanisa letu linaezekwa, na kamati inataka niwe mgeni rasmi wa harambee. Rafiki yangu naye amenipeleka kwa mhubiri anayesema nipande mbegu ya milioni tatu, moto utarudi na biashara itafunguka. Kuna mawili mengine yananisuta. Mpunga nanunua kwa lumbesa kama wenzangu, na vijana wangu wawili wa stoo nawachelewesha mshahara, mara nyingine miezi miwili, kwa kuwa hela inazunguka. Je, nitoe zaidi? Au niache biashara nimrudie Mungu?*

*Mama Mchele, Morogoro*

Amina, mwanangu. Biashara usiiache, na hiyo milioni tatu usiitoe.

Umeandika mengi kuhusu moyo uliopoa, halafu lumbesa na mishahara ukaviweka mwishoni kama nyongeza. Mimi naanza na hayo ya mwisho, kwa sababu ndiyo yanayoshikilia mengine yote. Ila kwanza tusome pamoja barua ile unayoijua, ya kanisa la Laodikia katika Ufunuo 3:14-22, ambalo Bwana analilaumu kuwa vuguvugu, si moto wala baridi, maana huwa inahubiriwa kwa haraka na kumwacha mtu akitafuta joto mahali ambapo halipo.

Laodikia ulikuwa mji wa wafanyabiashara. Magofu yake yapo hadi leo karibu na Denizli, Uturuki. Ulikaa kwenye njia panda za biashara, ukasifika kwa sufu nyeusi, kwa wenye kushughulika na fedha na kwa waganga wake. Mwaka 60 baada ya Kristo tetemeko liliubomoa, na Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi, ameandika kwamba watu wake waliujenga upya kwa mali yao wenyewe, bila msaada wa Roma. Sasa sikia maneno ambayo Bwana anayakuta midomoni mwa kanisa la mji huo: "Mimi ni tajiri, nimejitajirisha, wala sina haja ya kitu." Hapo ndipo uvuguvugu wao ulipo. Hawakutuhumiwa kwa uzushi wala kwa sanamu. Walifika mahali ambapo hawakuwa na sababu ya kumwomba mtu, wala ya kumwomba Mungu.

Tazama na maji. Hierapoli, kama kilomita 10 kaskazini, ilikuwa na chemchemi za moto ambazo watu waliziendea kwa tiba. Kolosai, chini ya kilomita 20 upande wa kusini-mashariki, ilikuwa na maji baridi ya kunywa. Laodikia ilivuta maji yake kwa mabomba ya mawe, na vipande vilivyobaki vimezibwa na chokaa ndani. Kwa hiyo wasomaji wengi makini wanaona kwamba baridi katika barua ile si jina la mpagani. Maji ya moto yana kazi yake, na ya baridi yana kazi yake. Ya uvuguvugu hayamfai mgonjwa wala mwenye kiu. Ukisoma hivyo, swali la kujiuliza si kama machozi bado yanakutoka ukiomba. Jiulize imani yako inamfaa nani kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi.

Na hapo ndipo napoona kilichokupata. Enzi za meza sokoni, mtoto akiugua uliita wanajumuiya waje kuomba. Leo kuna gari na hospitali ya kulipia, na hilo si kosa. Lakini fedha imeanza pia kwenda mahali ambapo ulipaswa kwenda mwenyewe. Jumuiyani imeenda hela ya chai. Mnadani imekwenda laki tatu, na hata yule jogoo nadhani hukumjua ameletwa na nani. Sasa unaniuliza kama fedha nyingi zaidi itakurudishia ulichokipoteza kwa kuituma fedha ikuwakilishe. Haitakurudishia.

Tuje kwenye lumbesa. Unaijua vizuri kuliko mimi: gunia limejaa, kisha mdomoni linashonewa nyongeza mpaka linaota kichwa, na mkulima analipwa gunia moja. Sheria ya vipimo ya Tanzania inataka gunia lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wamekuwa wakiipiga vita lumbesa miaka mingi. Lakini hata kama asingekuwepo mkaguzi barabarani, Mithali 11:1 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana. "Kama wenzangu" ni neno la kweli, kwa sababu bei ya soko imejengwa juu ya lumbesa, na anayeiacha peke yake ataumia msimu wa kwanza. Sitakuficha hilo. Nunua kwa kilo. Beba mizani kwenye Fuso, pima mbele ya mkulima, mwandikie kilo na bei kwenye karatasi, naye abaki na nakala. Faida kwa kila gunia itapungua. Utakachopata polepole ni wakulima wanaokupigia simu kabla ya kumpigia dalali, na mpunga usiotiwa maji wala mchanga, maana anayepunjwa naye hutafuta pa kupunjia. Anza na mavuno haya yanayokuja, usingoje wenzako wakubaliane.

Ya nyuma nayo yapo. Zakayo, yule mtoza ushuru wa Luka 19, alijipangia mwenyewe kurudisha mara nne, juu ya nusu ya mali yake aliyowapa maskini. Mara nne ndiyo Torati ilimdai mwizi wa kondoo aliyemchinja au kumwuza (Kutoka 22:1). Kwa aliyekiri mwenyewe, Hesabu 5:7 inataka arudishe kamili na kuongeza sehemu ya tano. Wewe umekiri mwenyewe, basi chukua kipimo hicho. Tuseme msimu uliopita ulinunua magunia 200, kila moja na kilo 20 za ziada. Hizo ni kilo 4,000. Ongeza ya tano, kilo 800. Jumla kilo 4,800, zidisha kwa bei uliyonunulia. Namba za wakulima wako unazo kwenye simu. Gawanya deni hilo kwa misimu miwili au mitatu, kila ukinunua uongeze juu ya malipo, na umwambie mkulima waziwazi kwamba hiyo ni ya lumbesa ya mwaka jana. Usiiite zawadi. Ukiiita zawadi atakushukuru kwa mali yake mwenyewe. Ambaye hukumpata hata baada ya kumtafuta, wala ndugu yake, fungu lake lipeleke kanisani (Hesabu 5:8), lakini usiliandike kwenye ahadi yako.

Mishahara haina misimu mitatu. Unaposema hela inazunguka, maana yake vijana wawili wa stoo wanakukopesha mtaji bila riba na bila kuulizwa, huku mwenye nyumba wao anagonga mlango. Kumbukumbu la Torati 24:15 linataka kibarua alipwe kabla jua halijachwa. Walipe malimbikizo yote wiki hii, hata kama ni kwa kuahirisha mzigo mmoja wa Ifakara. Baada ya hapo fungua akaunti ya pembeni, na kila Jumamosi jioni utie robo ya mishahara ya mwezi kabla hujaagiza chochote. Tarehe ya malipo iandike ukutani stoo. Kama michango yao ya NSSF nayo hujaipeleka, ianze mwezi huu.

Sasa utaelewa kwa nini nakukataza ile mbegu. Wanaohubiri namna hiyo hupenda Malaki 3:10, ya zaka kamili na madirisha ya mbinguni. Rudi nyuma aya tano tu, Malaki 3:5: Bwana anasema atakuwa shahidi mwepesi juu ya "wamwoneao mwenye kuajiriwa kwa ajili ya mshahara wake". Ni sura hiyo hiyo. Milioni tatu unazotaka kupanda zimo ndani yake jasho la wale vijana na kilo za wakulima. Halafu Paulo anasema mtu atoe "si kwa huzuni, wala si kwa lazima" (2 Wakorintho 9:7). Mhubiri anayekutajia kiasi, akakupa na siku ya mwisho, amekuwekea lazima. Najua rafiki yako anakupenda. Mwambie tu kwamba una madeni ya haki unayolipa kwanza, na namba ya yule mhubiri uiondoe kwenye simu ili asikukute siku umechoka.

Kutoa hutaacha. Toa kwa hesabu. Wafanyabiashara wengi hukosea hapa kwa namna mbili. Wapo wanaotoa kinachobaki, na kamwe hakibaki. Wapo wanaotoa fungu la kumi la mauzo, wanakula mtaji, kisha wanamlaumu Mungu. Tuseme mwezi umeuza milioni 60, na mpunga, kukoboa, mafuta, pango, kodi na mishahara vimekula 56. Faida ni milioni nne, fungu la kumi ni laki nne. Ukitoa la mauzo ungetoa milioni sita, yaani faida yote na milioni mbili za mtaji. Wiki ya kwanza ya mwezi funga hesabu ya mwezi uliopita, kisha tia sadaka kwenye bahasha yako ya namba kama Mkristo mwingine yeyote. Mwezi wa hasara andika sifuri bila aibu, maana anayetoa hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo (2 Wakorintho 8:12).

Kuhusu harambee, paa ni jambo jema na mbao hazinunuliwi kwa maombi matupu. Changia. Ila ugeni rasmi ukatae mwaka huu. Utakaa meza ya mbele, utatajwa kwa jina, na ule utupu wa siku ya jogoo utarudi ukiwa mkubwa zaidi. Mpelekee mhasibu wa usharika mchango wako kabla ya siku yenyewe, chukua risiti, na umwombe asikutaje. Kamati watakuja nyumbani kukubembeleza, hata mchungaji anaweza kuja nao. Huyo usimkwepe. Mwombe saa moja faraghani umweleze yote uliyonieleza mimi, lumbesa kwa jina lake na miezi ya mishahara kwa idadi yake, kisha uombe ondoleo la dhambi kabla ya kukaribia meza ya Bwana. Toba ya jumla jumla ya Jumapili umeisema miaka yote bila kukugusa, kwa sababu haikutaja kitu. Na yeye anahitaji kuyasikia. Amezoea kukuona kama mfuko wa kanisa, na mfuko hauchungwi.

Jumuiya uirudie kwa miguu. Miezi mitatu ya kwanza hela ya chai usitume. Nenda na mwili wako, simu iache dukani kwa mtu unayemwamini. Watakuletea kiti huku wenzako wako mkekani, kaa mkekani. Wengine watakuwa na haya mbele yako, na wapo watakaokuvuta pembeni kuomba mkopo. Wajibu kwa upole kwamba siku ya jumuiya huzungumzi fedha. Zamu yako ikifika, wapokee nyumbani kwako na upike mwenyewe. Katika Wakolosai 4:15 Paulo anapowasalimu ndugu wa Laodikia anamtaja Nimfa, ambaye kanisa lilikutana nyumbani kwake. Na tafuta mtu mmoja pale, mama asiye na kitu cha kukuomba, umwombe akuombee kila wiki. Wakristo wa Laodikia nao walikuwa na Epafra, aliyewaombea kwa bidii (Wakolosai 4:12-13).

Ibada ya nyumbani iwe fupi: dakika 15 kabla ya kufungua duka, Zaburi moja, kisha majina. Wataje wale vijana, wakulima, na mteja uliyemkasirikia jana. Wiki tatu nne za mwanzo hutasikia kitu. Wengi huacha hapo, wanakimbilia mkesha wenye spika kubwa ili wapate kulia. Wewe endelea. Machozi yakirudi, vizuri. Yasiporudi, lakini kila mkulima amelipwa kwa kilo, bado unatembea na Bwana.

Umeuliza kama uache biashara. Paulo alipomwagiza Timotheo juu ya matajiri (1 Timotheo 6:17-19), hakusema wafunge maduka. Alisema wasijivune, wasiutumainie utajiri usio yakini, wawe tayari kutoa na kushirikiana na wengine. Kuna watu wanaitwa kuacha vyote. Ila ukifunga leo, vijana wawili wanakosa kazi, na wakulima wanabaki mikononi mwa wanaojaza lumbesa bila kusutwa. Kuza biashara yako kwa mkono uliofunguka.

Mumeo hukumtaja zaidi ya kusema umeolewa. Kabla hujapiga simu Ifakara kuahirisha mzigo, kaa naye na daftari la mishahara na la mpunga, yote mawili, umwonyeshe tarakimu. Atashtuka. Msimalize usiku huohuo. Mpe siku mbili, kisha mpange pamoja nani alipwe lini. Na kama kuna deni la benki ambalo hukuniandikia, liwepo nalo mezani siku hiyo.