Kuchunguza nyota kubwa ya eksirei ukiwa Lubumbashi

Mdogo wangu, umeuliza kama mwanafunzi wa fizikia hapa Lubumbashi, asiye na darubini, anaweza kuandika kazi ya kumaliza masomo juu ya nyota kubwa katika jozi inayotoa eksirei, yaani nyota hiyo na mwenzake mdogo mzito anayefyonza gesi yake. Anaweza, mradi achague jozi moja tu. Mimi ningechukua IGR J16318-4848, iliyogunduliwa mwaka 2003 na satelaiti ya INTEGRAL: vumbi limeifunika hata mwanga wa kawaida unatufikia kwa shida, ilhali infraredi, mwanga wa mawimbi marefu usioonekana kwa macho, hupenya, kwa kuwa karibu na mikromita 2.2 vumbi la angani huzuia, kwa hesabu ya magnitudi (kipimo cha mng'ao wa nyota), takriban sehemu moja ya kumi tu ya kile linachozuia katika mwanga unaoonekana. Vipimo vya 2MASS, upimaji wa anga zima kwa infraredi, ni vya bure, na jedwali lake halitamaliza mega za simu yako. Lakini usikimbilie kutaja aina ya nyota kwa rangi peke yake, maana wekundu wa nyota unaweza kutokana na vumbi la njiani au na lile linaloizunguka nyota yenyewe. Kinachoamua ni spektra, yaani mwanga uliotawanywa kwa urefu wa mawimbi, hasa mstari wa haidrojeni wa mikromita 2.166 na ule wa heliamu wa 2.058. Tumia spektra zilizokwisha kuchapishwa, na mwalimu wako akubali mapema, kwa maandishi, kwamba hutapima mwenyewe.