Weka hilo bomba chini, bibi hana njaa unayoidhani

Mleta mada, weka hilo bomba la sindano mezani kwanza, ndiyo usome.

Umesema bibi unayemtunza ana kansa, karudishwa nyumbani, wiki hii analala tu, uji unamtoka pembeni mwa mdomo, na wenye mgonjwa wanakutaka umnyweshe kwa bomba. Umeuliza pia mshahara na zamu za usiku. Hayo tutayafikia.

Mimi nilimnywesha. Mama wa watu, kansa ya shingo ya kizazi, Mbagala, mimi nina miezi mitatu tu kazini. Wakala aliyenitafutia kazi alitupa mafunzo ya nusu siku, na nusu ya hiyo nusu tulikuwa tunakunja shuka. Neno lake kubwa lilikuwa: "Mgonjwa asipokula, mhudumu mvivu." Hela yake ya udalili lakini alikula vizuri sana, yule.

Basi binti mkubwa akaja kutoka Moshi, kumwona mama alivyokonda akaangua kilio, akapika uji wa ulezi na karanga. Nikavuta mililita 20, nikamwinua kichwa kwa mkono wa kushoto, nikasukuma. Ukaenda. Binti akanisifu, nami nikajiona nesi mkuu, imebaki kofia tu. Bomba la tatu nikasikia mlio kooni, kama mtu anavuta soda ya mwisho kwa mrija. Hakukohoa. Hapo ndipo nilipoingia mkenge: nilidhani asiyekohoa hajapaliwa, kumbe aliyedhoofika vile hana hata nguvu ya kukohoa. Usiku homa ikapanda, kifua kikawa kinachemka kama sufuria. Siku mbili. Kufa angekufa, wote tulijua, lakini alikuwa anaondoka taratibu, usingizini. Mimi nikamfanya aondoke akitafuta hewa.

Nesi wa huduma shufaa, ile ya kumpunguzia mateso mgonjwa asiyepona, alipokuja hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema tu kwamba mwili ukifika pale hauombi tena chakula, na kunyamaza kwa tumbo ni sehemu ya safari yenyewe.

Kwa hiyo: asiyemeza halishwi. Akiwa macho kabisa, mkalishe wima, mpe maji kijiko cha chai kimoja, tazama koo likipanda na kushuka. Likikaa kimya, au sauti yake ikawa ya majimaji, acha. Ndugu wanaotaka kufanya chochote wape kitambaa safi chenye unyevu wampanguse midomo na ulimi, kisha mafuta ya mgando. Mofini ya maji, ile dawa ya maumivu makali ya kila baada ya saa 4, nayo ikishindikana kumezeka, usiikatishe kimyakimya; mpigie nesi apange njia nyingine, maumivu hayalali.

Watakuambia unamuua mama yao kwa njaa. Wape jina langu la humu waje wanitukane, ngozi yangu imeshakuwa ya kiboko.

Mshahara uliuliza... ngoja, nitarudi. Kwanza nijibu: leo asubuhi bibi amemeza mate?